Waya wa freti kwa gitaa la kuchonga mwenyewe: nichague upi, na hapa Dar unapatikana wapi?

ChongaTabata
Wakuu habari za jioni. Nachonga gitaa la akustika, shingo ni mninga, ubao wa freti (zile pau nyembamba za chuma zinazokatiza shingo, unakobania nyuzi) nimepata mpingo kwa wachongaji wa Mwenge, mweusi tii na hauna hata ufa. Urefu wa nyuzi nimeweka milimita 648, freti 20. Sasa nimekwama kwenye waya wenyewe. Nimezunguka Gerezani na ile mitaa ya Kariakoo wanakouza vyuma, ukitaja freti wanakuletea waya wa shaba au rodi za kuchomelea, maduka ya vyombo vya muziki nyuzi zipo ila waya hamna. Fundi mmoja kanishauri spoki za baiskeli. Mtandaoni nako naona namba tu, 6105, 6230, sijui jumbo, sijui midiamu, nashindwa niagize ipi na kiasi gani. Nyuzi nitafunga za chuma. Anayejua anisaidie maana huu ubao sitaki kuuharibu, kupata mwingine wa upana huu ni kazi kweli.

NyuziSita
Spoki achana nazo kaka. Ni duara, haina mkia wa kuingia kwenye mfereji unaokatwa kwenye ubao, kwa hiyo inashikwa na gundi tu. Alafu nyingi ni chuma kilichopakwa zinki, siku unazisawazisha kwa tupa ile zinki inatoka yote juu na kwa hewa yetu ya bahari kutu inaanza hapo hapo. Freti yenye kutu inakula nyuzi.

FundiKeko
Swali langu la kwanza, mifereji umeshakata? Kama bado usikate mpaka waya uwe mkononi, hili nalisema kwa kila anayeniuliza.

Waya wa freti ukiukata ukautazama kwa mbele una kichwa cha mviringo juu na mkia mwembamba chini, na huo mkia una vijino pembeni ndivyo vinavyong'ata mbao. Watu wanahangaika na kichwa kwa sababu ndicho kinachoonekana, lakini gitaa linaharibikia kwenye mkia. Mkia wenyewe ni kama nusu milimita, vijino vinazidi kidogo, na mfereji unaotakiwa ni karibu milimita 0.58. Kwenye mbao laini ukikosea kidogo mbao inakubali, mpingo haukubali, ukibana mfereji kila freti inakuwa kabari, kabari 20 zikisukumana shingo inapinda kurudi nyuma na kama ndani hukuweka fimbo ya chuma ndio basi tena. Ukiwa mpana freti zinanyanyuka nchani. Na msumeno wa chuma wa kawaida meno yake yamepindwa kushoto na kulia, kwa hiyo mfereji unatoka mpana kuliko bleda yenyewe, jaribu kwanza kwenye kipande cha mpingo kilichobaki, pima kwa venia, kama umezidi sugua bleda pembeni kwenye jiwe la kunolea mpaka ikae.

Kuhusu namba, hizo ni za kampuni ya Dunlop. 6230 ina upana milimita 1.98 na kimo 1.09, ni nyembamba ya kizamani. 6105 ni 2.29 kwa 1.40, nyembamba ila ndefu. 6100 ndio jumbo, 2.79 kwa 1.40, hiyo waachie wa gitaa la umeme wanaovuta nyuzi. Kwa akustika nakushauri uingie upande wa 6230, au ya kampuni nyingine, Jescar, inaitwa 43080, 2.03 kwa 1.09. Hiyo ya Jescar namba yenyewe ndio kipimo, kimo inchi 0.043 upana 0.080, ukishajua hivyo unaisoma mwenyewe.

Madini chukua nikeli silva, ni shaba, zinki na nikeli kama asilimia 18, haishiki kutu, inafifia tu unaisugua inarudi. Chuma cha pua kinadumu sana ila ni kigumu, kinamaliza tupa na plaizi, kwa gitaa la kwanza utateseka bure.

BendiYaMtaani
Naongezea kwa asiye na hela ya kuagiza. Kuna magitaa mabovu yaliyopasuka matumbo, ukilipata moja kwa bei ya kutupa freti zinatoka, pasha moto kila moja kwa pasi ya kulehemu ya umeme, ya mafundi redio, alafu ng'oa taratibu kwa plaizi iliyosagwa mdomo ukawa bapa. Vijino vinakuwa vimelala kidogo kwa hiyo weka tone la supaglu. Ila angalia zisiwe zimeshachimbika na nyuzi.

Njia nyingine ni freti za bapa, kipande cha brasi au nikeli silva kilichonyooka kinasimamishwa kwenye mfereji, hakina kichwa wala vijino. Martin, watengeneza magitaa wa Marekani, walikuwa wanafunga hizo mpaka 1934 ndio wakahamia hizi zenye mkia. Kazi yake ni kubwa kwa sababu mfereji lazima ulingane na bapa kabisa.

DadaLuthia
Kwa nyuzi za chuma brasi ni laini, itachimbika mapema. Ya nailoni sawa.

Kuagiza sio kugumu kaka, waya ni mwepesi. Wauzaji wapo, StewMac wapo Marekani, Tonetech wapo Uingereza. Kinachouma ni usafiri, unaweza kuzidi bei ya waya, ndio maana huwa tunachanga watu kadhaa tunaagiza pamoja. Freti 20 kila moja sentimita 6 ni mita 1 na sentimita 20, wewe chukua mita 1 na nusu, kuna zitakazopinda. Wauzaji wasioandika kipimo cha mkia usinunue hata bei iwe ndogo vipi. Na ulizia ushuru kabla hujalipa.

ChongaTabata
Asanteni sana, mifereji bado sijakata. Ubao juu nimeuweka mviringo wa nusu kipenyo cha inchi 16, waya ninunue ulionyooka au uliokunjwa?

FundiKeko
Wowote, ila kabla ya kugonga ukunje kidogo kuzidi ubao, ncha ziguse kwanza. Anza kugonga nchani ndio umalizie katikati, nyundo ya plastiki. Na huku chini ya shingo weka mfuko wa mchanga, ikidunda freti haikai.

DadaLuthia
Kuna oda tunaikusanya mwezi huu, kama unataka 43080 sema tukuweke.