Madesa ya leseni ya droni Marekani: tunauziwa sheria zilizofutwa tangu 2021, ukihoji unatolewa kwenye grupu

Wakuu, nina hasira, hivyo anayetaka uzi wa kistaarabu apite hivi.

Malalamiko yangu ni juu ya watu wanaouza madesa ya Part 107, yaani mtihani wa nadharia wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa anayetaka kurusha droni kwa malipo hapa Marekani. Na hasa ni juu ya jamaa mmoja anayeendesha darasa kwa Kiswahili kwenye WhatsApp. Jina sitaji, waliopita mikononi mwake watamjua kwa sauti zake ndefu za saa sita usiku. Kiingilio dola 250, unatuma kwa Zelle, ukishatuma unaingizwa grupu na kurushiwa PDF. Ahadi yake: wikendi moja tu, ukifeli hela inarudi. Humo ndani tumejaa wabeba boksi wa Dallas na Houston, ndugu zetu Wakongo wa Louisville, vijana wa Uber waliochoka na barabara, na kina mama wanaopiga picha za harusi ambao wateja wao sasa wanadai picha za kutoka juu. Watu wanaojua thamani ya dola 250 kwa sababu wamesimama zamu kuipata.

Tuanze na hiyo PDF. Imeskaniwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kwa somo lingine ningenyamaza, lakini sehemu kubwa ya mtihani huu ni kusoma ramani ya anga, na ile ramani inasomwa kwa rangi! Mstari wa bluu usiokatika ni anga ya daraja B, wa magenta usiokatika ni C. Mstari wa bluu wa vipande vipande ni D. Wa magenta wa vipande vipande ni E inayoanzia ardhini. Sasa nenda katazame ukurasa wa ramani kwenye desa la mwalimu: D na E zote ni vijistari vya kijivu, huwezi kuzitofautisha hata ukiweka kioo cha kukuzia. Mama mmoja aliuliza, mbona mimi naona duara moja tu? Akajibiwa, "Dada, ramani haitoki sana, ruka hiyo." Ramani haitoki sana! Mwongozo wa FAA wenyewe unasema maswali ya anga na masharti yake ni kati ya asilimia 15 na 25 ya mtihani. Kati ya maswali 60, hayo ni 9 hadi 15. Unatakiwa upate 42 ndipo ufaulu. Piga hesabu mwenyewe mtu akishakwambia uruke ramani unabaki na nini.

Na kile kitabu cha ramani, ambacho ndicho hichohicho unachokabidhiwa chumba cha mtihani, kipo kwenye tovuti ya FAA, kina rangi zake zote, unakipakua bure. Mwongozo wa kusomea nao bure. Maswali ya mfano bure. Kanuni zenyewe zipo wazi mtandaoni, bure. Huyu mtu kachukua vya bure, kaviondoa rangi, katuuzia.

Lakini rangi ni kidogo. Kilichonipandisha presha ni sheria za usiku.

Desa linasema kurusha droni usiku ni marufuku mpaka uombe kibali maalumu cha kusamehewa kanuni. Hiyo ilikuwa kweli zamani. Tangu tarehe 21 Aprili 2021 kanuni imebadilika: rubani mwenye leseni anaruhusiwa kurusha usiku bila kile kibali, ilimradi amefanya mtihani au mafunzo mapya, na droni iwe na taa ya kumetameta inayoonekana umbali wa maili 3. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege, ruhusa ya anga bado unaihitaji kama kawaida. Haya ni mambo ya kutoka kwenye mtihani, si porojo.

Nikaandika kwenye grupu kwa adabu zote: "Mwalimu shikamoo, samahani, ukurasa wa sheria za usiku naona haulingani na kanuni ya 107.29 ya sasa." Ikaja sauti. "Marahaba mdogo wangu. Wewe umekuja kusoma au kusahihisha? Mimi nafundisha hivi vitu tangu hamjui droni ni nini. Jibu ni B. Kariri B, nenda kafaulu." Wafuasi wakaanza kumwaga mikono ya dua. Mmoja akaandika, mwacheni mwalimu afundishe, wajuaji mna shida sana. Nikatuma picha ya kanuni yenyewe, nimeichorea mstari mwekundu kwenye taa na maili 3. Kabla haijapata tiki za bluu za kutosha nikawa nimetolewa.

Kumbe ndiyo mchezo wake, kila anayehoji anatolewa, kisha grupu linaambiwa fulani alikuwa anauza siri za darasa.

Desa hilohilo halina hata sentensi moja ya Remote ID. Hiki ni kile kitambulisho cha redio ambacho droni inatangaza ikiwa angani, FAA ilianza kuwabana rasmi wasionacho tarehe 16 Machi 2024. Halafu linawaambia watu kwamba kila baada ya miezi 24 utarudi chumba cha mtihani na kulipa upya ili uendelee kurusha. Uongo. Tangu 2021 ni mafunzo ya mtandaoni, bure, unafanya umekaa sebuleni. Ukijumlisha haya unaona desa liliandikwa kabla ya Aprili 2021 na halijaguswa tena, isipokuwa jalada, ambalo kila Januari linapigwa mwaka mpya na picha mpya ya mwalimu kavaa miwani ya jua.

Atakayesema "kariri tu, maswali ni yaleyale" naomba nimuoneshe kitu. Unapewa taarifa ya hali ya hewa ya METAR, tuseme ina kipande hiki: 24012G20KT 3SM BR OVC008. Upepo unatoka nyuzi 240, kasi yake noti (knots) 12, ukivuma ghafla unafika 20. Unaona maili 3, kuna ukungu mwepesi, na mawingu yamefunika anga yote kuanzia futi 800 juu ya ardhi. Swali: unaruhusiwa kupanda mpaka futi ngapi? Aliyekariri atajibu 400, kwa sababu kaambiwa mwisho wa droni ni 400. Jibu ni 300, kwa sababu kanuni inataka ubaki angalau futi 500 chini ya wingu. Na ukitaka kurusha au hutaki, maili 3 ndiyo kiwango cha chini kabisa cha kuona, upo ukingoni. Sasa mtunga mtihani anabadilisha tarakimu moja tu, OVC008 inakuwa OVC007, na wewe uliyekariri B umekwisha. Jambo lenyewe ukielekezwa na mtu anayelijua unalielewa kwa robo saa. Mwalimu wetu hafundishi hili kwa sababu, naamini kabisa, halijui.

Halafu kuna biashara ya kuuza vya bure, naipitia haraka maana ikinikaa kichwani sitalala. Namba ya FTN, ile unayotakiwa uwe nayo kabla ya kupanga mtihani, anatoza dola 40 "kukutengenezea". Unaipata mwenyewe bure ukifungua akaunti ya IACRA, tovuti ya FAA ya kuombea leseni. Na kuna kitu kinaitwa TRUST, ni jaribio la mtandaoni la wanaorusha kwa kujifurahisha, bure, ukikosea unasahihishwa palepale mpaka umalize, hakuna anayefeli. Yeye anaita "hatua ya kwanza ya leseni", anaitoza, kisha anakutumia cheti watu wanaweka status. Kuna kijana Houston anapiga video za send-off kwa pesa akiwa na kile cheti tu, anadhani yuko sawa kisheria. Hayuko. FAA inasema hata ukimrushia mtu bure, kwa mfano kupiga picha mechi ya shule ili shule iweke kwenye tovuti yake, hapo si kujifurahisha tena, unatakiwa uwe na Part 107. Sembuse send-off ya kulipwa.

La hatari zaidi ni hili, na wengi mnalichekea. Mwalimu anajisifu kwamba maswali yake "yametoka chumba cha mtihani moja kwa moja", na kila anayetoka kufanya mtihani anaambiwa arudi na maswali aliyoyashika kichwani. Someni kanuni ya 107.69. Kuchukua maswali ya mtihani kwa makusudi, kumpa mtu au kupokea kwa mtu, adhabu yake ni kufungiwa mwaka mzima usifanye mtihani wala kuomba leseni, na aliye nayo anaweza kunyang'anywa. Kwa mtu mwenye makaratasi ya uhamiaji yanayosubiri, na ambaye ombi lake la leseni linapitia ukaguzi wa TSA, idara ya usalama wa usafiri, huu si mchezo wa kuigiza. Ajabu ni kwamba maswali yenyewe hata si ya kweli, mengi ni yale ya mfano ya FAA kayabadilisha majina. Yaani unajiingiza kwenye kosa la kununua siri ambayo si siri.

Sasa shemeji yangu, mke wa kaka. Ni mpiga picha, kamera anaijua kuliko mimi ninavyojua jina langu. Alilipa 250, akalipa 40, akalipa dola 175 za mtihani wenyewe, akaomba ruhusa kazini. Akakosa maswali machache kufika asilimia 70. Karatasi ya matokeo inaonesha maeneo aliyokosea, na yote ni yaleyale: anga, hali ya hewa, usiku. Kurudia ni mpaka siku 14 zipite, na dola 175 nyingine. Akamwandikia mwalimu kudai ile ahadi ya kurudishiwa. Jibu: marejesho ni kwa aliyehudhuria vipindi vyote vya moja kwa moja. Vipindi vyote! Viwili viliahirishwa na mwalimu mwenyewe akiwa safarini.

Na kwa mlioko nyumbani mnaotafutwa na huyu mtu mkiambiwa kadi ya FAA "inatambulika dunia nzima": hapana. Bongo mamlaka ni TCAA, Kenya ni KCAA na kanuni zao za 2020. Kadi ya Marekani haikuruhusu kurusha Coco Beach wala Nyali.

Sisemi madarasa ya Kiswahili yasiwepo. Yanahitajika sana, mtihani ni wa Kiingereza lakini kuelewa ni bora uelewe kwa lugha unayoiota. Anayejua afundishe, alipwe vizuri tu. Ila atumie kanuni za mwaka huu na ramani yenye rangi.

Waliolipa, wekeni hapa picha ya muamala wa Zelle mkifuta majina, tujue tupo wangapi. Wenye desa, fungueni sehemu ya usiku mseme inasema nini, kuna wanaodhani namsingizia.

Na wewe mwalimu, uzi huu utakufikia kabla ya jioni, najua. Akaunti ya IACRA ya shemeji uliifungua kwa barua pepe yako mwenyewe na nywila umeikalia. Matokeo yake yanaingia humo na leseni inaombewa humo. Ana tarehe mpya ya mtihani tayari. Hiyo nywila aipate leo, hela tutadaiana baadaye.