Kigoma hadi Svalbard: viza, nguo na usalama juu ya mto wa barafu. Naomba mwongozo

Mwana_Ujiji (Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Mimi na binamu yangu aliyeko Tabora tunajipanga kwenda Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, visiwa vya Norwei kaskazini kabisa ya dunia, katikati ya Machi mwakani. Tunataka kwenda Barentsburg, mji wa Warusi wa kuchimba makaa ya mawe huko huko Svalbard, kwa pikipiki za theluji, kutembea juu ya mto wa barafu, na kuingia kwenye pango la barafu kama msimu utaruhusu. Naombeni majibu ya kazi, siyo "kule baridi kaka, baki nyumbani".

Nimesoma kwamba Svalbard haimdai mtu yeyote viza. Je, tunakata tiketi na kuondoka? Nguo tutafute mitumbani hapa Mwanga au tukodi kule kule? Juu ya barafu kinachoua watu ni nini hasa? Binamu naye anang'ang'ania tuunganishe na Ittoqqortoormiit ya Greenland kwa safari hiyo hiyo. Na Ramadhani ikiangukia humo, mtu anafuturu saa ngapi?

Karani_wa_Tiketi (Tabora)

Mkuu, hapo kwenye viza ndipo wengi wanapokwama. Svalbard yenyewe haidai viza, ni kweli. Lakini ndege za ratiba zinazotua Longyearbyen zinatoka Oslo au Tromsø, na huko ni Norwei bara, ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Svalbard iko nje ya Schengen. Maana yake ukipanda ndege ya Longyearbyen unahesabika umetoka, na ukirudi Oslo unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja anakuwa ameimaliza siku ya kwanza. Kwenye fomu jaza kuingia mara mbili au zaidi, na kwenye ratiba onyesha wazi Oslo–Longyearbyen–Oslo ili ofisa aone sababu.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Alama za vidole zinachukuliwa ana kwa ana, na kutoka Kigoma hiyo ni safari ya reli ya kati nzima, kwa hiyo usiondoke kabla karatasi zote hazijakamilika: taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, bima, ratiba, uthibitisho wa malazi. Zilizo kwa Kiswahili zitafsiriwe. Na tafadhali, msikopeshane milioni kadhaa ziingie kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi. Hicho ndicho kitu cha kwanza kinachoonekana.

Bima: Schengen wanataka isiyopungua euro 30,000. Soma maandishi madogo. Bima iliyoandikwa "nchi za Schengen" peke yake inaweza isiiguse Svalbard. Jina la Svalbard liandikwe, pamoja na uokoaji na usafirishaji wa mgonjwa kwa ndege.

Greenland mwache binamu aiwekee safari yake. Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmaki, ila nayo iko nje ya Schengen, na viza ya Schengen haikufikishi huko mpaka iwe imeandikwa kwamba inafaa kwa Greenland. Halafu Ittoqqortoormiit ni kijiji cha watu 350 hivi. Unaruka kutoka Aisilandi hadi uwanja wa Nerlerit Inaat, kisha unamalizia kwa helikopta. Hali ya hewa ikifunga, unakaa hapo ulipo. Akitaka Greenland isiyomtesa, Ilulissat inatosha: vilima vya barafu vinaelea mbele ya mji, na ghuba yake imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2004. Nuuk nako ndege kubwa zinatua tangu mwishoni mwa 2024. Ila ajue hakuna barabara ya kuunganisha mji na mji. Ni ndege, boti, au chombo cha theluji kinachokokotwa na mbwa.

Nguo msinunue chochote. Makampuni ya kule yanatoa suti, buti na helmeti.

Mpanda_Kibo (Kigoma)

Karani, kwenye viza nakuunga mkono, kwenye nguo hapana. Wanatoa nguo za juu tu, za muda wa matembezi. Nguo za ndani unakuja nazo, na hizo ndizo zinazoamua kama utafika jioni unatetemeka au uko sawa.

Mwana_Ujiji, tabaka la kwanza ni sufu, inayobana mwili, juu na chini. Mitumbani Mwanga sweta nyembamba za sufu zipo kwa bei ya chini kwa sababu huku hazina mteja. Geuza lebo usome, maana nyingi zinazofanana na sufu ni akriliki. Pamba kabisa usivae, hata soksi, hata singlendi. Pamba ikishika jasho haikauki, na maji yanakunyonya joto. Tabaka la pili sweta nene au flisi. La tatu la kuzuia upepo, ambalo ndilo utakalokodi. Buti ziwe kubwa kuliko kawaida kwa namba moja au mbili: kidole kisipocheza ndani, damu haizunguki, na kuongeza soksi kwenye buti inayobana kunazidisha baridi. Mikononi vaa glavu nyembamba ya sufu, juu yake ile nene ambayo vidole vinne vinakaa chumba kimoja.

Machi Longyearbyen hesabu kati ya nyuzi -10 na -20 za Selsiasi, na -30 inawezekana. Ila namba ya kipimajoto haitoshi. Kwenye -20 pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi ya kama -34 hata kama hakuna upepo wowote. Barentsburg ni kilomita 60 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa hiyo uso wote ufunikwe, hasa ule mwanya kati ya miwani na kitambaa cha shingo. Kuendesha kunahitaji leseni halali. Asiye nayo anakaa nyuma, na wa nyuma ndiye anayepata baridi zaidi kwa kuwa hafanyi kazi yoyote.

Mkianza kutembea, anzeni mkiwa mnasikia baridi kidogo. Ukianza na joto, baada ya dakika kumi unatoka jasho, na mkisimama kula unaganda. Maji weka kwenye chupa ya chai. Kama ni chupa ya kawaida, ibebe kichwa chini, maana barafu inaanzia juu, na mdomo utabaki wazi.

Sasa mto wa barafu. Karibu asilimia 60 ya Svalbard imefunikwa na barafu, na barafu hiyo inatembea. Inapopita juu ya kilima kilichofichika au kwenye kona, inapasuka. Theluji ya majira ya baridi inafunika nyufa hizo kwa daraja, juu panaonekana uwanja wa mpira, chini hakuna kitu. Ndiyo maana penye theluji juu ya nyufa watu wanafungwa kamba moja, kila mmoja na mkanda wa kiunoni, umbali wa mita 8 hadi 15 kati yao. Kamba isilegee mpaka ikalala chini, wala msikusanyike kupiga picha. Mkisogeleana kamba haina kazi, mtatumbukia wote. Meno ya chuma ya chini ya buti yafungwe kwenye buti ngumu, na unakanyaga kwa unyayo mzima, miguu imeachana kidogo. Wengi wanaoanguka wamenasa jino kwenye suruali yao wenyewe.

Mapango ni mifereji iliyochimbwa na maji ya kiangazi. Yanaingilika majira ya baridi tu, maji yakiwa yameganda. Machi mko salama kimsimu, lakini mwongozaji akisema leo hapana, ni hapana. Kwenye ghuba, mbele ya ukuta wa barafu unaoishia baharini, boti inakaa angalau mita 200. Kipande kikidondoka, wimbi lake ndilo linaloua, na vipande vingine vinachomoka kutoka chini ya maji bila kutoa sauti yoyote ya onyo.

Dubu weupe: msivuke vibao vya onyo pembezoni mwa mji bila mwongozaji mwenye silaha. Tangu Januari 2025 sheria inataka mkae mita 300 kutoka kwa dubu, na kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Safari yenu imo humo. Kampuni inayowaahidi picha ya karibu iacheni.

Nesi_Kibirizi (Kigoma)

Naongeza mawili ambayo miongozo ya Wazungu haiyaandiki vizuri.

La kwanza, ngozi. Wanaandika "angalia doa jeupe usoni". Kwetu doa hilo linakuja la kijivu, kama ngozi isiyopakwa mafuta, na kwenye mwanga hafifu hulioni. Tafiti za wanajeshi zimeonyesha pia kwamba watu wenye asili ya Afrika wanaumia kwa baridi kwa urahisi zaidi, hasa vidole. Kwa hiyo fuateni hisia kuliko rangi. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla bila kupata joto, hapo kuna tatizo. Simamisha msafara, kiweke kwapani. Usikisugue, wala usikisugue na theluji. Kama kimekuwa kigumu, kinapashwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, na pale tu ambapo kuna uhakika hakitaganda tena. Kikiyeyuka kisha kikaganda mara ya pili, madhara ni makubwa kuliko kukiacha mpaka mfike mjini.

La pili, malaria. Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini. Ukiumwa na mbu wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, homa inaweza kuanza ukiwa Longyearbyen, siku ya 7 hadi 14 au hata baadaye. Kule daktari ataona homa na kutetemeka, atawaza mafua. Sema mwenyewe, mapema: "Natoka eneo lenye malaria, naomba nipimwe." Hospitali ya pale ni ndogo, na wagonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege. Laleni kwenye chandarua mpaka siku ya safari. Bebeni vipimo vya haraka na dozi kamili ya mseto pamoja na cheti cha daktari, na vibaki chumbani. Kipimo kikiganda hakiaminiki tena. Na kama uliugua malaria karibuni ukatibiwa, kipimo hicho kinaweza kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa, mwambieni daktari na hilo.

Futari haitakusumbua, kaka. Katikati ya Machi usiku na mchana vinakaribiana kila mahali, hata kule. Kazi ipo kati ya tarehe 20 Aprili hivi na tarehe 22 Agosti hivi, jua lisipozama kabisa, na hapo wengi hufuata saa za Makka au za mji wa karibu ambako jua linazama. Muulize shekhe wako. Ila kufunga siku ya pikipiki kilomita 120 kwenye baridi hiyo, msafiri ana ruhusa yake.

Mwana_Ujiji (Kigoma)

Nawashukuru sana, dada Nesi na wakuu wote. Greenland tumeiweka pembeni. Simu na kamera je? Na tiketi, niunganishe moja kwa moja hadi Tabora?

Mpanda_Kibo (Kigoma)

Simu mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ya asilimia 60 inaweza kuzima ghafla kwenye -20, kisha ikarudi ikipata joto. Pawabenki nayo ikae ndani. Kamera ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ndipo uingie nayo, uiache saa moja au mbili bila kufungua. Ukiiingiza wazi, unyevu unajikusanya ndani ya lenzi. Mkifika Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti huko Svalbard, siku nyingine, waifai na bluetuthi za simu ni marufuku kwa ajili ya mitambo ya utafiti.

Karani_wa_Tiketi (Tabora)

Usiunganishe. Longyearbyen upepo ukizidi ndege hairuki, na ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya pili hawakurudishii. Weka usiku mmoja Oslo kabla ya ndege ya kurudi Afrika, na ya Dar–Tabora kata ya kesho yake. Kadi ya benki ifunguliwe matumizi ya nje kabla hujaondoka. Huko karibu kila kitu ni kadi.