Hadithi yangu ya Jambiani "haina mahali": nirekebishe wapi?

Mwandishi wa Kihonda:
Wakuu, heshima kwenu. Nina hadithi fupi, ni ya Jambiani, Unguja, mwaka 1978. Mwajuma, mkulima wa mwani, anatoroka na Haji. Usiku wa mwezi mpevu, saa kumi alfajiri, maji yamekupwa, wanakatiza mchangani hadi mwambani ambako mashua inawasubiri. Rafiki yangu kaisoma akasema mandhari ni pazia tu: nikilibandua nikaweka Ziwa Victoria, hakibadiliki kitu. Minazi nimeweka, upepo nimeweka, anataka nini tena? (Nakiri, Jambiani nimelala siku 2 tu.)

Bi Makumbi:
Mwanangu, rafiki yako kasema kweli. Mimi mzaliwa wa huko. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, hukauka mnamo saa nne. Hao wapenzi wako wataogelea na furushi kichwani! Mwani nao tulianza kuulima 1989. Wakati huo unaousema, mama yangu alikuwa akifukia makumbi ya nazi pwani, anayazungushia mawe, miezi ikipita anayafukua na kuyaponda apate usumba wa kusokota kamba. Harufu yake haitoki kwa sabuni. Ukiingia chumbani, watu washajua umetoka wapi.

Msomaji wa Usiku:
Rahisi tu mkuu, sogeza iwe saa nne usiku, kazi imeisha.

Bi Makumbi:
Haijaisha. Saa nne usiku ya bamvua watu wameshuka pwani na taa, wanatafuta pweza. Watamwona nusu ya kijiji.

Mwandishi wa Kihonda:
Bi mkubwa, shikamoo. Umenikesheza. Mwani nimeung'oa wote. Sasa wanaondoka hiyo hiyo saa nne, mbele ya watu. Mwajuma kabeba taa na chuma cha kuchokolea pweza, anaamkia kila anayepishana naye. Wote wanaitikia na kuendelea na yao, isipokuwa shangazi yake. Anamsogelea, ananyamaza, ananusa. Kanga aliyovaa Mwajuma ni mpya, haina hata chembe ya harufu ya makumbi.

Bi Makumbi:
Marahaba. Ee, huyo shangazi namjua! Mvishe ndara lakini huyo mtoto, mwamba wetu unakata.