Naomba ushauri: mifuo ya mtutu huipunguzia risasi kasi?

Assalam aleikum wanakikundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kisauni. Juzi nilipeleka wanafunzi Fort Jesus. Pale penye mzinga wa Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoangamizwa Rufiji mwaka 1915, kijana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ile mifuo ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi, haiipunguzii kasi?" Nikababaika.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya bili ya maji. Risasi ya gramu 4, kipenyo milimita 5.7, kasi mita 940 kwa sekunde, mtutu wa kuizungusha mara moja kila inchi 7. Nishati ya mwendo ikatoka kama jouli 1,770. Ya kuzunguka, jouli 9 tu! Nikiweka inchi 12, inashuka hadi jouli 3. Yaani tofauti haifiki hata nusu asilimia.

Ila hesabu yangu imeruka msuguano, na hapo ndipo nilipokwama. Je, mifuo iliyojipinda zaidi huongeza msuguano kiasi cha kuonekana kwenye kasi? Na urefu wa mtutu, si ndio unaoamua zaidi?

Kipindi ni Alhamisi, na yule kijana hasahau. Shukran.