Mwalimu wa kuzamia kaniita sato mbele ya mke wangu!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, maji bado yananitoka puani, na naandika kabla hasira hazijapoa. Yule mwalimu wa kuzamia kwa mitungi ya hewa mnamjua. Upande ule wa Capri Point, hapa Mwanza, kaptula nyekundu, filimbi shingoni, hata kunywa soda anapiga filimbi kwanza. Jina simtaji. Mnamjua.

Mwezi ujao naenda na mama watoto kupumzika Nungwi, Zanzibar. Tukasema badala ya kukaa ufukweni kama nguo za kuanikwa, tujifunze kuzamia kwa mtungi, na hatua za kwanza tuzimalizie hapa nyumbani, bwawani. Ziwani hapana: kichocho kipo, na ukishuka kidogo tu huoni hata mkono wako. Laki moja na nusu kwa kila kichwa. Nimetoa laki tatu taslimu!

Nikavishwa jaketi, mtungi wa lita 12 mgongoni, mkanda wa vipande vya madini ya risasi kiunoni, nikawa mzito kama gunia la mpunga lililonyeshewa. Kupumua kwa mdomo nikaweza. Masikio nikaweza, unabana pua na kupuliza taratibu kila ukishuka kidogo, kabla hayajauma. Ikaja ya miwani. Unapiga magoti chini, unaachia maji yajae ndani ya miwani, unabonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, unatazama juu na kupuliza kwa pua mpaka maji yatoke. Mimi yalipofika puani nikavuta. Nikasimama nakohoa, kamasi mpaka kidevuni.

Hakuja karibu. Hakuuliza kama nimepona. Kapiga filimbi! Halafu kwa sauti ya kunadi mitumba: "Mzee, mbona unahema kama sato kwenye beseni?"

Sato. Kwenye beseni. Mimi niliyezaliwa Igombe, niliyesomeshwa kwa hela ya ziwa hili! Watoto wa miaka kumi walicheka. Mkaanga chipsi aliacha mafuta yanaungua akacheka. Nadhani mpaka Ukerewe wamesikia. Mke wangu aligeukia ukutani, lakini mabega nikayaona yanatikisika.

Na kanuni ya kwanza katufundisha yeye mwenyewe: usibane pumzi kamwe, ukipanda umeibana mapafu yanaweza kupasuka. Basi nimehema! Nimehema, kaniita sato!

Nimefika nyumbani, mtoto wa mwisho ananiuliza, "Baba, beseni gani?"

*

Dada wa Pasiansi: Huyo namjua sana. Mimi aliniambia naelea kama gugu maji, kisa nimevaa kijani. Sijarudi tena.

Mzee wa Kayenze: Mtoto wa Igombe unalipa laki tatu kuzama? Sisi tulizama bure.

Mleta uzi: Mzee wangu shikamoo. Kuzama na kuzamia ni vitu viwili. Halafu hoja yangu ni sato.

Mzee wa Kayenze: Marahaba. Sato mwenyewe hakulipa.

Kijana wa Nyegezi: Kaka pole, tatizo ni pua tu. Wengi wanakwama hapo hapo. Jaza maji kwenye beseni, tumbukiza uso bila miwani, pumua kwa mrija, kila jioni dakika tano. Pua itazoea.

Mleta uzi: USINITAJIE BESENI.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto wa dada. Shemeji naye aandike uzi wake, tusikie upande wa pili.

Msafiri Mchovu: Acheni hayo, mnaokwenda Nungwi angalieni tiketi za kurudi. Ukizamia siku kadhaa mfululizo unakaa angalau saa 18 ndipo upande ndege, kwa sababu ya naitrojeni inayobaki mwilini. Mimi nilikata ya jioni ile ile. Nikakatazwa kuzamia siku ya mwisho na hela hawakurudisha hata senti!

Dada wa Pasiansi: Ndege tena? Mimi begi langu lilitangulia Bukoba, mimi niko Mwanza. Siku mbili navaa gauni moja.

Msafiri Mchovu: Afadhali lako lilitangulia. Langu lilirudi limelowa, ndani mna dagaa wa mtu.

Kijana wa Nyegezi: Dagaa wabichi au wakavu?

Msafiri Mchovu: Wabichi! Shati la harusi lote nimelitupa.

Mleta uzi: Jamani uzi ni wangu. Mtu kaniita sato mbele ya mke wangu!

Mama Wawili Buhongwa: Samahani, kwa kuwa sato ametajwa, kilo bei gani leo Mwaloni? Nina wageni saa moja.

Mzee wa Kayenze: Wahi sasa hivi mwanangu. Ukichelewa utakuta mapanki, mifupa mitupu.