Kuotesha hoho ndani: taa ipi?

Mkazi wa Mikindani: Wakuu, chumba hakina jua. Miche ya hoho inaota, inarefuka kama nyuzi, kisha inalala. Ninunue taa gani, na niitundike umbali gani?

Fundi Miche: Kurefuka ni njaa ya mwanga. Chukua tyubu mbili za LED nyeupe, futi 4, wati 18 kila moja, zilizoandikwa 6500K, yaani mwanga mweupe kama wa mchana. Ziwe sentimita 15 juu ya majani, uzipandishe miche inapokua. Washa saa 14 hadi 16, kisha giza. Hizo "1000W" za bei chee ni tambo tu. Tazama wati inazokula kweli. Taa za zambarau zinakuza, ila jani likianza unjano hulioni.

Mama Bustani, Lindi: Kama shina limesinyaa usawa wa udongo, mdogo wangu, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche, taa haihusiki. Acha udongo wa bustani. Tumia unga wa makumbi ya nazi, ila uoshe mara kadhaa, unabeba chumvi. Trei iwe na matundu, inywe maji kwa chini, usiache maji yakituama. Mbegu kina cha sentimita 1. Joto la kwetu linatosha, zinatoka siku 7 hadi 14. Maji ya kisima cha pwani onja kwanza. Yakiwa na chumvi, kinga maji ya mvua.

Mkazi wa Mikindani: Umeme ukikatika?

Fundi Miche: Kabla mbegu hazijachomoza haidhuru. Zikishachomoza, saa chache si neno. Ukikatika kutwa, zitoe barazani kwenye kivuli chepesi.