Yupi wa kumtibu wasiwasi na huzuni: bingwa Mombasa, mwanasaikolojia Malindi au mshauri wa simu?

BintiShela
Asalaam aleikum. Ndugu yangu ana wasiwasi na huzuni, usiku halali. Nimepata njia tatu: bingwa wa magonjwa ya akili Mombasa, mwanasaikolojia Malindi, na mshauri wa kuzungumza naye kwa simu. Nalipia moja wiki hii. Ipi?

Muuguzi_Kilifi
Waaleikum salaam. Dada, hapo hujatueleza kitu. Ana umri gani? Ilianza lini? Yuko kwenye dawa, au muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa? Amewahi kuwa na kipindi cha kinyume, siku nne tano halali wala hachoki, maneno mengi, pesa anamwaga? Mtu wa hivyo akipewa dawa ya huzuni peke yake anaweza kupanda akarukwa na akili. Na je, anataja kufa?

BintiShela
Miaka 34. Yapata miezi mitatu. Cha kinyume hapana. Muguka anatafuna. Ana tembe za usingizi, alinunua duka la dawa.

Abu_Mkunguni
Bingwa moja kwa moja. Mwanasaikolojia haandiki dawa, mshauri haandiki. Mwisho utalipa mara mbili.

Fikra_Malindi
Abu, si kila huzuni yataka tembe. Mjazeni kwanza PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Ya 5 hadi 9 ni nyepesi, mazungumzo yanaweza kutosha. Kuanzia 10 aonwe na mtaalamu, kuanzia 20 ni kali na mara nyingi dawa huhitajika. Tiba ya mazungumzo yenyewe si kupiga soga: vikao 12 hadi 20, kila wiki, na kazi ya kufanya nyumbani. Muulize mtaalamu kikao cha tatu kitakuwa na nini. Akikwambia "tutaongea tu", tafuta mwengine. Uliza na usajili: washauri na wanasaikolojia wana sheria yao Kenya tangu 2014, na daktari lazima awe kwenye orodha ya KMPDC, baraza la madaktari Kenya.

Muuguzi_Kilifi
Mmesahau njia ya nne: afisa wa kliniki aliyesomea magonjwa ya akili. Aulizie hospitali ya King Fahd hapo hapo Lamu kabla ya kuvuka bara, Mokowe, kupanda basi. Kwanza apimwe damu na tezi la shingo, kwa sababu upungufu wa damu huvaa sura ya huzuni, na tezi likizidi kasi huvaa sura ya wasiwasi. Kisha, ikihitajika, fluoksetini, dawa ya huzuni, miligramu 20 asubuhi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: siku za mwanzo ni kichefuchefu na wasiwasi kuzidi, nafuu yaja wiki ya pili hadi ya nne au hata baadaye. Mtu huacha siku ya kumi akisema dawa mbaya. Akipona, aendelee miezi 6 angalau. Mimi ningemchagua atakayemuona tena baada ya wiki mbili, cheo baadaye.

Nahodha_Amu
Hizo tembe za usingizi ni zipi? Zikiwa diazepamu, tahadhari. Kuna kijana alinunuliwa za miligramu 5, moja kila usiku, bila cheti cha daktari. Zikazoeleka, zikawa mbili, kisha tatu. Baada ya miezi minane fedha zikaisha, akaacha zote kwa ghafla. Siku ya tatu mikono yatetemeka, jasho, hawezi kuvumilia mlango ukibamizwa. Nyumbani wakasema ni jini, wakaita mtu wa kupunga. Siku ya tano akaanguka kifafa. Jini halikuwapo, mwili ulikuwa wadai tembe. Huwa zinashukishwa kidogo kidogo, kama sehemu ya kumi kila baada ya wiki mbili, chini ya daktari.

Abu_Mkunguni
Sasa mwadharau kusomewa Kurani.

Nahodha_Amu
Sijasema hivyo, sheikh. Asomewe na dawa ameze. Hata Ramadhani, fluoksetini ni mara moja kwa siku, yamezeka daku.

Fikra_Malindi
Na muguka je? Unampa mtu dawa ya wasiwasi, naye jioni anatafuna kichocheo kinachokimbiza moyo na kufukuza usingizi.

Abu_Mkunguni
Kilifi na Mombasa ziliupiga marufuku 2024, korti Embu ikasimamisha. Wakulima nao wale nini?

Fikra_Malindi
Wakulima wana wabunge wao. Mgonjwa huyu ana nani?

Muuguzi_Kilifi
Acheni muguka. BintiShela, swali langu la mwisho, la kutaja kufa, hujalijibu.

BintiShela
Nimemuuliza sasa hivi. Amenyamaza, akageukia ukutani.

Muuguzi_Kilifi
Basi usilipie chochote. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, kwa hiyo muulize tena, waziwazi: una mpango? wa vipi? Tembe zote za nyumba zitoke alipo, na dawa za shambani, na kamba. Asiachwe peke yake hata msalani. Mpeleke King Fahd leo, kitengo cha dharura, zichukue na hizo tembe wazione.

BintiShela
Tembe ninazo mkobani. Kaka amekwenda kuita boti. Ya Mombasa na Malindi tutazungumza tukirudi.